Nukta

Nilifika Arua na koti jeupe lenye mikunjo ya sanduku,
kutoka Mbale, usiku kucha barabarani,
na daftari la mazoezi lenye visanduku mia na ishirini,
kila kimoja kikingoja sahihi ya mtu mmoja:
Bi Ezatiru wa dirisha la dawa.

Hakuuliza nimesoma nini.
Alinipa trei, kisu butu, kopo la vidonge,
akasema: "Hesabu tano tano. Ukipoteza, anza upya."
Kisha akaniongelesha asubuhi nzima.

Kilugbara sikukijua. Kigisu changu hakikuwa na wa kukijibu.
Tukakutana kwenye Kiswahili,
hicho ambacho bibi yangu alikiita lugha ya askari;
huku nilikikuta sokoni kikinunua mihogo,
kikibembeleza bei, kikicheka.
Nikakifundisha kazi ya dirishani:
kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku, baada ya kula.
Watu wakasema, asante, binti, asante,
nami nikavimba kichwa.

"Asante si jibu," sauti nyuma ya bega langu.
"Mwombe akurudishie maneno yako."
Mzee Onzima akayarudisha:
vidonge vitatu kwa mpigo mmoja, alfajiri,
maana mchana yuko kwenye tumbaku
na maji ya kumezea yako mbali.
Tukaanza upya, mimi na yeye,
safari hii tukaanzia shambani kwake.

Jumanne ya wiki ya tano umeme ulikatika.
Foleni ilipinda hadi kwenye bomba la kunawia.
Cheti kilikuja kimelowa jasho la kiganja,
dawa ya kifafa, ya maji, mtoto wa kilo tisa,
na mimi, kwa haraka, kwa mwanga wa simu,
nikaandika kwenye lebo: mililita 25, mara mbili kwa siku.

Mama alikwisha kunyoosha mkono.
Mkono mwingine ukatangulia, ukaishika chupa shingoni.
"Khainza. Chupa hii ina mililita ngapi?"
"Mia."
"Daktari ameandika imtoshe siku ngapi?"
"Ishirini."
"Na hii uliyoandika wewe itamtosha siku ngapi?"

Nilihesabu.
Nilihesabu tena, tano tano, kama vidonge.
"Mbili," nikasema,
na miguu ikaniishia pale pale nilipokuwa nimesimama.

Nukta ilikuwepo.
Ndogo, ya wino uliochoka, kati ya mbili na tano,
kama kinyesi cha inzi.

Hakupaza sauti. Aliandika lebo mpya,
akampa mama bomba dogo la plastiki,
akamwonyesha mstari kwa ukucha,
akasubiri mama aurudishe mstari kwa ukucha wake.
Baadaye, foleni ilipokwisha, alifungua kitabu chenye gamba jekundu:
tarehe, dawa, kosa, aliyekosea, aliyelikamata.
"Andika mwenyewe."

Niliandika. Kalamu ilitetemeka kwenye jina langu.
Macho yakapanda mstari mmoja juu kutafuta mahali pa kujificha,
yakakuta: Ezatiru.
Si la miaka ile akiwa mwanafunzi.
La mwezi uliopita.
Nilimtazama. Alikuwa akifuta trei.

Kisanduku cha siku ile hakukitia sahihi.
Nilikirudisha hivyo hivyo Mbale, kitupu,
mwalimu akakipigia mstari mwekundu, sikumweleza.

Siku ya ishirini mama alirudi.
Chupa tupu, imesuuzwa, imefungwa kwenye kona ya kitenge;
mtoto mgongoni, akitafuna ukanda wa kanga.
Sikusema kitu cha maana. Nilisema, "Karibu, nirudishie maneno."

Siku hizi nina dirisha langu.
Naandika mbili, kisha naikandamiza nukta, kisha tano.
Geuza lebo, upapase nyuma kwa kidole:
utaikuta, imevimba,
hata gizani.